Jan Tschichold: Bingwa wa herufi aliyezikana kanuni zake mwenyewe

BARUA ya kuomba kazi iliyochapwa kwenye karatasi ya A4. Bango lenye kichwa kikubwa kilichosukumwa upande wa kushoto na picha moja pembeni. Herufi nyofu zisizo na mapambo kwenye kioo cha simu. Haya ni mambo ambayo macho ya watu yameyazoea mno, kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza yalikotoka.

Hakuna mtu mmoja aliyeyavumbua yote. Hata hivyo, iwapo yupo aliyeyakusanya pamoja, akayatungia kanuni na kuwafunza wapiga chapa wa kawaida namna ya kuyatumia, basi huyo ni Jan Tschichold, mzaliwa wa Ujerumani aliyefariki mwaka wa 1974 akiwa na umri wa miaka 72.

La kushangaza ni kwamba kanuni hizo, zilizomtia korokoroni na kumfanya akimbie nchi aliyozaliwa, ndizo alizokuja kuzikosoa vikali hadharani baadaye. Waliokuwa wandani wake walimwona kigeugeu. Yeye alishikilia kwamba ni wao waliokuwa wamesahau kazi ya herufi.

Mwana wa mchora vibao

Tschichold alizaliwa Aprili 2, 1902 katika mji wa Leipzig, ambao kwa miaka mingi ulikuwa kitovu cha biashara ya vitabu nchini Ujerumani. Babake alikuwa fundi wa kuchora maandishi ya vibao. Kwa hivyo, mtoto huyo alikulia katika nyumba ambamo herufi zilikuwa ndizo zinazoleta unga mezani.

Alipobainisha kwamba alitaka kuwa msanii, wazazi wake waliingiwa na wasiwasi. Waliona sanaa kuwa kazi isiyotegemeka, wakamshauri asomee ualimu wa kuchora. Alipelekwa katika chuo cha walimu cha Grimma, karibu na Leipzig.

Huko ndiko alikokutana na kitabu cha Mwingereza Edward Johnston kuhusu uandishi wa khati. Johnston ndiye aliyechora herufi za reli ya chini ya ardhi ya London mnamo 1916. Kijana Tschichold alikisoma kitabu hicho kwa makini, akashika kalamu na kuanza kujifunza kwa mkono wake jinsi herufi inavyozaliwa.

Mnamo 1919 aliacha ualimu, akajiunga na chuo cha sanaa za vitabu mjini Leipzig. Ustadi wake ulidhihirika mapema, na haukupita muda mrefu kabla ya yeye mwenyewe kupewa madarasa ya jioni kufunza khati.

Jambo hili lilimtofautisha na wengi ambao jina lake lingekuja kutajwa pamoja nao. Wengi wao walikuwa wachoraji au wasanifu majengo walioingilia uchapishaji kutoka nje. Tschichold alitoka ndani ya karakana. Alijua uzito wa herufi za risasi na alijua yanayomsumbua mpanga herufi anaposimama mbele ya kasha lake.

Maonyesho ya Weimar

Agosti 1923, akiwa na umri wa miaka 21, Tschichold alizuru mji wa Weimar kutazama maonyesho ya Bauhaus, shule ya sanaa na ufundi iliyokuwa imeasisiwa na Walter Gropius mnamo 1919. Aliyoyaona huko yaliupindua mtazamo wake wote.

Wakati huo, kazi nyingi za matbaa za Ujerumani zilijaa mapambo. Tangazo moja lingeweza kuwa na aina kadhaa za herufi, fremu za maua na maneno yaliyorundikwa katikati ya ukurasa. Vitabu na magazeti mengi bado vilichapwa kwa Fraktur, zile herufi nyeusi za Kijerumani zenye pembe zilizovunjikavunjika ambazo zilimtatiza msomaji wa kigeni.

Weimar alikuta kinyume cha hayo: mistari minene, rangi nyekundu na nyeusi, nafasi pana tupu, na maneno yaliyopangwa kwa kufuata maana yake badala ya desturi. Alirejea Leipzig akiwa mtu mwingine. Alianza kuwasiliana na wasanii kama vile Mrusi El Lissitzky na László Moholy-Nagy wa Hungary. Kwa jinsi alivyovutiwa na mageuzi ya Urusi, hata akabadilisha jina lake la kuzaliwa, Johannes, akajiita Iwan.

Oktoba 1925, jarida la chama cha elimu cha wapiga chapa wa Ujerumani lilimwachia toleo zima aliandae apendavyo. Alikuwa na umri wa miaka 23 pekee. Toleo hilo, aliloliita "elementare typographie", liliwafikia mafundi waliokuwa hawajawahi kusikia habari za Bauhaus. Baadhi yao walilikumbatia na wengine wakalipinga, lakini mjadala ulikuwa umeanza.

Kanuni zenyewe

Mwaka wa 1926 Tschichold alimuoa Edith Kramer. Mwaka huo huo aliitwa mjini Munich kufunza katika shule ya wapiga chapa iliyoongozwa na Paul Renner, mbunifu wa herufi za Futura zilizotolewa mnamo 1927. Kwa kuwa jina la Kirusi halikupendeza masikio ya wakuu wa jimbo la Bavaria, aliliacha na kujiita Jan.

Ni akiwa Munich alipotoa, mwaka wa 1928, kitabu kilichompa umaarufu: Die neue Typographie, yaani Taipografia Mpya. Hakikuwa kitabu cha falsafa tupu. Kilikuwa mwongozo wa kazi, chenye mifano ya barua, kadi, matangazo, majarida na mabango.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kuuacha ulinganifu. Kwa karne nyingi, wapiga chapa walikuwa wamepanga mistari ya kichwa katikati ya ukurasa, upande huu ukilingana na ule. Tschichold aliona kwamba mpangilio huo huyalazimisha maneno kuingia katika umbo lililoamuliwa kabla ya kuyasoma. Kwa maoni yake, umbo lilipaswa kutokana na maana. Neno muhimu liwe kubwa au zito. Lisilo muhimu liwe dogo. Na mistari ianzie mahali ambapo jicho litaipata kwa urahisi.

Ya pili ilihusu nafasi tupu. Wapiga chapa wengi waliiona kama sehemu iliyobaki baada ya kazi kwisha. Yeye aliifanya kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Eneo jeupe lililoachwa upande mmoja wa ukurasa huusukuma macho ukweli ulioandikwa upande wa pili, jinsi ukimya unavyolipa uzito neno la msemaji.

Ya tatu ilihusu sura ya herufi. Tschichold alitetea zile zisizo na vikia, yaani zisizo na vile vijistari vidogo vinavyokaa miguuni na vichwani mwa herufi za vitabuni. Aliamini kwamba hizo ndizo zilizofaa zama za ndege, simu na mashine, kwa kuwa hazikubeba alama ya taifa lolote.

Fauka ya hayo, alitaka picha ya kamera ichukue nafasi ya mchoro wa mkono, na ipangwe pamoja na maneno kama kitu kimoja. Mabango aliyosanifu mwaka wa 1927 kwa ajili ya ukumbi wa sinema wa Phoebus-Palast mjini Munich yanaonyesha alichokusudia. Katika bango la filamu ya Die Hose, picha imo ndani ya duara, mstari umekata bango kwa mshazari, na maneno machache yameachiwa nafasi ya kupumua.

Suala jingine alilolivalia njuga ni ukubwa wa karatasi. Mnamo 1922 Ujerumani ilikuwa imeidhinisha vipimo rasmi vinavyojumuisha A4. Siri ya vipimo hivyo ni kwamba ukiikata karatasi katikati, unapata nusu mbili zenye umbo lile lile la mwanzo: A4 huzaa A5, na A5 huzaa A6. Hakuna kinachopotea. Tschichold hakuvibuni, lakini aliwaeleza wapiga chapa kinaganaga jinsi vinavyookoa karatasi na kurahisisha uhifadhi wa nyaraka. Vipimo hivyo ndivyo vinavyotumika leo katika mataifa mengi duniani, Kenya ikiwemo.

Kukamatwa na kutoroka

Januari 30, 1933 Adolf Hitler aliteuliwa kuwa Chansela wa Ujerumani. Kwa Wanazi, mtindo mpya wa uchapishaji haukuwa suala la ladha. Waliuhesabu kuwa Ubolsheviki wa kitamaduni, sumu kutoka nje iliyokusudiwa kuua utamaduni wa Wajerumani. Mtu aliyekuwa ameandika kwa kuwasifu wasanii wa Urusi, na ambaye zamani alijiita Iwan, hangekosa kumulikwa.

Machi mwaka huo, Tschichold alikamatwa na kuzuiliwa kwa wiki kadhaa. Kazi yake ya kufunza ikaota mbawa. Renner, aliyekuwa mkuu wake, naye alikamatwa na kutimuliwa katika wadhifa wake.

Alipoachiliwa, Tschichold hakusubiri kuona litakalofuata. Kabla ya mwaka huo kwisha, alikuwa amevuka mpaka na kuingia Uswisi akiwa na mkewe na mwana wao mdogo. Walihamia mji wa Basel, ambako alipata kazi ya kipato kidogo katika kampuni ya uchapishaji na vipindi vichache vya kufunza.

Historia ina kejeli zake. Mnamo Januari 1941, Wanazi hao hao waliokuwa wameisifu Fraktur kuwa herufi ya damu ya Kijerumani waliipiga marufuku, wakidai kwamba ilikuwa na asili ya Kiyahudi. Wakati huo walikuwa wameyateka mataifa mengi ambayo watu wake hawakuweza kuisoma. Ilibainika basi kwamba kwa watawala, herufi ilikuwa chombo cha kutumikisha. Leo inatukuzwa, kesho inatupwa.

Mabadiliko ya moyo

Basel, Tschichold alikuwa akifanya kazi ambayo hakuwa ameifanya kwa wingi Munich: kusanifu vitabu vya kusomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, si mabango ya kutazamwa kwa nukta chache. Kitabu chake cha mwaka wa 1935, Typographische Gestaltung, bado kilitetea mtindo mpya, lakini sauti yake ilikuwa imelegea. Hakuwa tena anazikataa herufi zenye vikia.

Kadiri miaka ilivyosonga, ndivyo alivyozidi kurudi kwenye ulinganifu na kwenye herufi za kale. Riwaya ya kurasa 300, alihoji, haiwezi kutendewa kama tangazo la mashine. Msomaji wa kitabu hataki kushtuliwa kila afunguapo ukurasa. Anataka herufi zimfikishe kwenye maana kisha zikae kando. Vikia vile vidogo alivyokuwa amevidharau huliongoza jicho katika mstari mrefu.

Mnamo 1946 mambo yalilipuka. Max Bill, msanii na msanifu wa Uswisi aliyesomea Bauhaus, aliandika makala ya kumshutumu Tschichold kwa kuupa kisogo mtindo aliousimika mwenyewe. Kwa Bill, kurudia ya kale katika enzi ambapo ya kale yalikuwa yametumiwa na madikteta kulikuwa usaliti.

Jibu la Tschichold, alilolichapisha mwaka huo huo, liliwaacha wengi vinywa wazi. Alieleza kwamba ukali wa kanuni zake za ujanani, kule kutovumilia njia nyingine yoyote na kupenda kila kitu kisimame kwa safu, ulifanana na tabia ile ile iliyouzaa utawala wa Hitler na vita. Hakudai kwamba mtindo mpya haukuwa na faida. Aliukubali kwa matangazo na bidhaa za viwandani. Alichokataa ni kuugeuza kuwa amri ya kila mahali.

Maneno hayo hayakutoka kinywani mwa mtu aliyekaa pembeni. Yalitoka kwa mtu aliyekuwa ameonja seli ya Wanazi kwa ajili ya kanuni zile zile. Hata hivyo, wapo wasanifu ambao hawakumsamehe hadi alipoaga dunia, na hoja yao haikuwa hafifu: wengi miongoni mwa waliouenzi mtindo huo walikuwa wahanga wa Hitler, si wafuasi wake.

Miaka ya Penguin

Mwaka wa 1947 Allen Lane, mwasisi wa kampuni ya Penguin, alimwalika Tschichold jijini London. Penguin ilikuwa imeanza mwaka wa 1935 kwa kuuza vitabu vya jalada jepesi kwa senti sita za Kiingereza, bei ya pakiti ya sigara. Vilinunuliwa kwa maelfu, lakini baada ya vita sura yake ilikuwa imeharibika. Kampuni ilitegemea matbaa nyingi tofauti, na kila moja ilipanga kurasa ilivyozoea.

Tschichold alikabiliana na tatizo hilo kwa kijitabu cha kurasa nne tu za kanuni. Kilieleza jinsi ya kuacha nafasi baina ya maneno, ukubwa wa nafasi mwanzoni mwa aya, mahali pa nambari ya ukurasa, na jinsi ya kutumia alama za uakifishaji. Nafasi baina ya maneno ziwe finyu ili mstari usiwe na mashimo. Herufi kubwa zitenganishwe kidogo, tena kwa kupima kwa jicho na si kwa rula, kwa sababu A na V zikikaribiana huacha pengo ambalo H na I haziachi.

Wapanga herufi walilalama. Walipobishana naye, ilikuwa kana kwamba Kiingereza chake kimepungua ghafla. Aliendelea kuwarudishia kazi hadi zikalingana na alichokitaka. Kwa muda wa chini ya miaka mitatu alisimamia usanifu wa zaidi ya vitabu 500, akalichora upya jalada la mistari mitatu ya rangi na hata kumnyoosha yule ndege aliye nembo ya kampuni.

Huenda hapa ndipo ilipo maana ya maisha yake. Jalada la Penguin lilikuwa na ulinganifu alioukemea ujanani, lakini herufi zake hazikuwa na vikia, kama alivyofundisha Munich. Kitabu cha bei ya mfanyakazi wa kawaida kilipewa uangalifu uliokuwa umehifadhiwa kwa vitabu vya matajiri. Aliporejea Uswisi mwishoni mwa 1949, baada ya pauni ya Uingereza kushushwa thamani, alimwachia Hans Schmoller kazi iliyokwisha kuwekewa msingi.

Siri ya pambizo na herufi za Sabon

Akiwa tena Basel, Tschichold alizama katika hati na vitabu vya karne za kati. Kwa kupima kurasa nyingi, alitambua mpango ambao waandishi wa kale wanaonekana kuufuata. Ukurasa wenye upana wa sehemu 2 na urefu wa sehemu 3 huwa na pambizo zinazofuatana kwa uwiano wa 2, 3, 4 na 6: ya ndani ndiyo nyembamba zaidi, kisha ya juu, ya nje, na ya chini ambayo ndiyo pana kuliko zote. Urefu wa eneo la maandishi nao hulingana na upana wa ukurasa mzima. Alichapisha matokeo ya uchunguzi huo mnamo 1953, na hadi leo wasanifu wa vitabu wanaufunzwa mpango huo.

Kuanzia mwaka wa 1955 aliisanifia kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche mjini Basel machapisho yake. Ni katika kipindi hicho ambapo wapiga chapa wa Ujerumani, nchi iliyokuwa imemfukuza, walimwomba awatatulie fumbo.

Walitaka herufi moja itakayoonekana sawa kabisa iwe imepangwa kwa mkono, kwa mashine ya Monotype inayosubu herufi moja moja, au kwa Linotype inayosubu mstari mzima kwa pamoja. Linotype ilikuwa na sharti gumu: herufi ya wima na ile ya mlazo ni lazima ziwe na upana mmoja. Wabunifu wengi waliona kwamba sharti hilo lingeharibu urembo wa herufi yoyote.

Tschichold alitumia miaka kadhaa kulishughulikia. Aliegemea herufi za Mfaransa Claude Garamond wa karne ya 16, na mwaka wa 1967 zikatolewa kwa jina la Sabon, kumuenzi Jacques Sabon, fundi wa herufi wa Frankfurt aliyefariki 1580. Mashine zile tatu zimekwisha kuingia makavazini, lakini Sabon ingali inatumika kwenye kompyuta.

Buriani

Mji wa Leipzig ulimtuza tuzo ya Gutenberg mwaka wa 1965, miaka 32 baada ya yeye kuikimbia Ujerumani. Siku zake za mwisho aliziishi Berzona, kijiji cha milimani kusini mwa Uswisi, na akafariki mjini Locarno mnamo Agosti 11, 1974.

Mafunzo yake ya ujanani hayakukoma kwa sababu yeye aliyakosoa. Wasanifu wa Uswisi waliyaendeleza miaka ya hamsini, na mwaka wa 1957 zikatolewa herufi za Helvetica, mojawapo ya herufi zisizo na vikia zilizoenea zaidi ulimwenguni. Kitabu chake cha 1928 kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 1995, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake.

Hivyo basi, Tschichold ameacha wanafunzi wa kambi mbili. Wapo wanaosanifu mabango na tovuti kwa kanuni za yule kijana wa Munich, na wapo wanaopanga riwaya kwa kanuni za yule mzee wa Basel. Kambi hizo zinaweza kubishana kuhusu vikia na ulinganifu, lakini zote zilirithi swali moja aliloliuliza katika vipindi vyote viwili vya maisha yake: je, anayesoma anasaidiwa, au anatatizwa?